Mnyama Mwenye Kwao na Mnyama Mwenye Bwana

Basi la Lindi likishaiacha Ikwiriri na kuvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, haliendi mbali kabla ya kufika Nyamwage, mahali barabara ya Utete inapochepuka. Abiria wengi hupita hapo wamesinzia. Hawajui kwamba wamefika mpakani mwa nchi mbili. Upande wa mashariki, kupitia Muhoro, ardhi inashuka hadi delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki. Upande wa kusini ardhi inapanda vilima vya Matumbi, penye misitu ya hifadhi ya Namakutwa-Nyamuete na Kiwengoma. Mtu wa Uluguru au wa Kilimanjaro anaweza kukataa kuviita milima, maana havifiki mita 1,000. Lakini mnyama hapimi urefu wa mlima. Anatafuta kivuli cha msitu mbichi, kijito cha kunywa wakati wa kiangazi na mwamba wenye pango la kujificha, na Matumbi hayo yote yapo.

Vileleni mwa miti mirefu wanakaa mbega, weusi wenye manyoya meupe mabegani, wala majani wasio na haja kubwa ya kukanyaga ardhi. Kima wanapita matawi ya chini yao. Jua likizama, perere anatoka katika uwazi wa mti na kulia kwa kishindo ambacho mgeni hawezi kuamini kimetoka kwa mnyama asiyezidi sungura sana kwa ukubwa. Chini kabisa, kwenye majani yaliyoanguka, sange anachokoachokoa wadudu kwa pua yake ndefu. Wataalamu wa nasaba za wanyama wanatuambia kwamba sange na perere ni jamaa wa tembo zaidi kuliko walivyo jamaa wa panya au sungura. Na tembo mwenyewe huingia katika misitu hii akitokea upande wa lililokuwa pori la akiba la Selous. Funo na paa wanashika vichaka vya pembezoni, nguruwe mwitu wako kila mahali penye kificho, na nyuma yao wote yuko chui. Ukishuka bondeni unawakuta viboko na mamba mtoni na mabwawani, nyani na tumbili kwenye mahindi, ndege kwenye mpunga. Simba sijamweka popote katika orodha hii kwa sababu yeye hukaa panapokaa nyama. Habari yake ni ndefu, na ndiyo kiini cha makala hii.

Nimezisoma na kuzisikiliza kwa muda mrefu simulizi ambazo watu wa misitu na milima husimulia juu ya wanyama wao, za kwetu na za ng'ambo. Kila nikizilinganisha naona zinagawanyika mahali pamoja, na mgawanyiko huo haufuati kabila wala dini. Ziko simulizi zinazouliza: mnyama huyu kwao ni wapi? Na ziko zinazouliza: mnyama huyu ni wa nani? Za kwanza humpa mnyama makao, za pili humpa bwana. Dai langu ni kwamba hatima ya mnyama, na mara nyingi ya binadamu anayepakana naye, inategemea ni swali lipi linaloulizwa kwanza.

Nianze na ngano, kwa kuwa ndizo tulizolelewa nazo. Simba wa ngano zetu za pwani ni mfalme. Ana baraza, ana mawaziri, ana wafitini wanaomnong'oneza. Chimbuko la simba huyu ni la mbali: Panchatantra ya Bara Hindi ilipita Uajemi, Ibn al-Muqaffa akaifanya Kalila na Dimna ya Kiarabu katika karne ya 8, na kutoka huko hekaya zake zilitawanyika katika bandari zote za Bahari ya Hindi. Ni kazi nzuri kwa mwenye kutaka kujifunza siasa ya majumba ya wafalme. Kwa mwenye kutaka kujua simba analala wapi na anawinda saa ngapi, haina msaada. Pori la ngano hizo ni jukwaa tupu. Ungeweza kumwondoa simba ukamweka sultani, na hadithi isipungukiwe na kitu.

Hata hivyo kuna hadithi moja iliyokataa kuwa hivyo. Edward Steere, askofu wa Kiingereza aliyekusanya hekaya za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, aliandika ndani yake ile ya kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao nusu ya matawi yake iko upande wa mji na nusu upande wa bahari. Papa anamchukua mgongoni, kisha anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa anahitaji moyo wa kima. Kima anajiokoa kwa kusema moyo wake ameuacha nyumbani, mtini. Huko Bara Hindi hadithi ni ile ile, lakini adui ni mamba na mti ni wa jamii ya mzambarau. Kwa nini papa? Kwa sababu Unguja haina mito ya mamba, na msimulizi wa Unguja hakuweza kumweka mnyama mahali asipokaa. Aliyaacha maneno, hila na mwisho wa hadithi vilevile, akabadilisha makao tu. Hapo naona adabu ya mtu anayejua kwamba mnyama ana kwao. Mrufiji akiisimulia hadithi hiyo ana haki ya kumrudisha mamba majini.

Sasa simba. Kuanzia Agosti 2002 hadi Aprili 2004, kwa miezi ishirini, simba mmoja katika vijiji vya Rufiji aliua watu wapatao 35. Watu walimpa jina la Osama, kwa kuwa ndilo lililokuwa midomoni mwa dunia nzima wakati ule. Alipouawa na askari wanyamapori alikutwa na jino kubwa la nyuma lililopasuka na jipu chini yake. Yamkini kila tafuno lilimuuma, na binadamu ana nyama laini kuliko nyati. Wataalamu wengine hawakuridhika kwamba jino peke yake lingetosha, na nadhani walikuwa na sababu, maana Osama alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, miongoni mwao Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyoshtua: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 308, wengi wao katika wilaya za pwani ya kusini.

Sababu waliyoieleza inastahili kusomwa polepole na kila mtu wa Nyamwage. Mahali ambapo nyumbu, pundamilia na swala wamekwisha, anayebaki ni nguruwe mwitu, kwa sababu nguruwe anaweza kuishi pembeni mwa shamba. Nguruwe hula mazao. Mkulima, ili kuyalinda, anakesha shambani. Simba anamfuata nguruwe, na anapofika shambani anamkuta mkulima. Mashambulizi hupanda msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Kwetu Rufiji hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu maisha ya bondeni ni maisha ya dungu: kibanda juu ya nguzo, ngazi ya miti, familia imehamia huko wakati wa mpunga kuwinga ndege mchana na nguruwe usiku. Wengi wetu ni Waislamu, nguruwe hatumli, na kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa ajili ya kitoweo. Huuawa tu anapokutwa kwenye mazao. Mwaka 2011 watafiti wa kundi hilo waliongeza jambo jingine: mashambulizi mengi hutokea usiku, katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale mwezi unapochelewa kuchomoza na giza linaanza mapema wakati watu bado wako nje. Simba ana njaa baada ya siku za mbalamwezi zilizomharibia mawindo.

Haya ni majibu ya swali la makao. Simba yuko hapa kwa sababu nguruwe yuko hapa. Nguruwe yuko hapa kwa sababu kichaka kimeachwa hapa. Na wewe uko hapa kwa sababu ya nguruwe. Lakini katika vijiji vingi vya kusini, wakati watu wanakufa, swali lililosikika zaidi lilikuwa jingine: nani kamtuma?

Vuka Ruvuma uone jinsi swali hilo linavyofanya kazi. Katika miaka ile ile ya Osama, 2002 na 2003, simba waliua makumi ya watu katika wilaya ya Muidumbe, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde wa Msumbiji. Harry West, aliyeishi na kuandika huko, ameeleza jinsi wazee wanavyotofautisha simba wa porini, simba aliyetengenezwa na mchawi, na mchawi mwenyewe aliyegeuka simba. Ni elimu yenye matabaka yake, na aina ya kwanza imebaki humo: simba wa kawaida yupo, ana pori lake. Lakini hofu ilipozidi, aina hiyo ya kwanza ilisahauliwa. Kila simba akawa na bwana, na bwana akatafutwa kijijini. Wazee na watu wenye uwezo kidogo wa mali walishutumiwa, na baadhi yao wakauawa na majirani zao.

Tsavo nako, mwaka 1898, vibarua kutoka Bara Hindi waliokuwa wakijenga daraja la reli waliamini kwamba simba wawili waliokuwa wakiwatoa hemani walikuwa mizimu ya watemi wa zamani iliyoikasirikia reli. Patterson, mhandisi aliyewapiga risasi simba hao, alidai baadaye kwamba walikuwa wameua watu 135. Mafuvu na ngozi zao ziko jumba la makumbusho la Field, Chicago, na mwaka 2009 uchunguzi wa mifupa na manyoya ulikadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35. Mmoja wao alikuwa na jipu la jino. Idadi ile ile, jino lile lile, miaka mia moja na ushei kabla ya Rufiji. Mtu angeweza kutunga simulizi ya mizimu juu ya ulinganifu huu. Mimi naona humo jambo jepesi zaidi: simba mgonjwa, katika nchi iliyokwisha nyama, jirani na watu waliolala mahali pasipo ukuta, atafanya alilofanya.

Unguja ilikuwa na chui wake, wadogo kuliko wa bara, waliokaa katika maweni na vichaka vya kusini na mashariki ya kisiwa. Martin Walsh na Helle Goldman, waliowafuatilia chui hao kwa miaka mingi, wameandika jinsi wenyeji walivyoamini kwamba wengi wao walikuwa na wenyewe: wachawi waliowafuga na kuwatuma kudhuru mifugo na watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ulifanyika msako ulioongozwa na mganga na mwindaji aliyejulikana kama Kitanzi, ambao uliwaunganisha wachawi na chui katika adhabu moja. Chui wakaendelea kuuawa kwa miongo kadhaa, na leo wanahesabiwa na wataalamu wengi kuwa wametoweka, au karibu na kutoweka. Huwezi kumhifadhi mnyama ambaye jirani yako anaamini ni silaha ya adui yake.

Nisieleweke kwamba nawadharau wanaouliza nani kamtuma. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 juu ya Wazande wa Sudani Kusini ya leo, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloangukia watu waliokaa chini yake. Wazande walijua vizuri sana kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo, na kwamba watu walikaa pale kukimbia jua. Walilotaka kujua ni kwa nini ghala lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Mama wa Rufiji aliyenyakuliwa mtoto dunguni naye anajua kwamba simba hula nyama. Anauliza kwa nini mtoto wangu, katika madungu yote ya bonde. Hakuna jarida la kisayansi litakalomjibu hilo, na mtu anayemcheka hajawahi kuzika. Ubaya unaanza pale swali la msiba linapokuwa swali la ulinzi, kijiji kikatumia nguvu zake kumtafuta mtu badala ya kujenga ukuta, kufyeka kichaka na kuwapunguza nguruwe.

Ziko mila zilizochagua njia nyingine, na mbili zinanivutia.

Ya kwanza inamhusu kakakuona. Walele wa Kasai, Kongo, ambao Mary Douglas aliwaandika mwaka 1957, waliwapanga wanyama kwa makao: wa kijijini, wa nyikani, wa msituni, wa majini. Kila kundi lilikuwa na masharti yake ya nani ale na nani asile. Kakakuona akawatatiza: ana magamba kama samaki lakini anapanda mti, na huzaa mtoto mmoja kama binadamu. Kwa kuwa hakutosha katika makao yoyote, wakampa heshima ya pekee na chama chake. Wasangu wa Mbeya wanasema makao yake ni mbinguni. Anashuka, anamfuata mtu aliyemchagua, na watu wanacheza naye kabla ya kumtoa sadaka. Kwa kakakuona mwenyewe mwisho huo si mwema, nakiri. Ila tazama msingi wa fikra zote mbili: swali la kwanza kumhusu mnyama ni makao, na heshima au hofu inafuata jibu.

Ya pili iko mbali zaidi, lakini mtu wa delta ya Rufiji angeielewa siku moja tu akifika huko. Ni Sundarbans, mikoko ya mlango wa Ganges, kati ya India na Bangladesh. Maji yanajaa na kupwa kama ya kwetu, mikandaa inasimama kwa mizizi kama ya kwetu, wakata miti na warina asali wanaingia kwa mitumbwi. Badala ya simba kuna chuimilia, na anaua watu kila mwaka. Wenyeji, Waislamu na Wahindu pamoja, wanasimulia habari ya Bonbibi, bibi wa msitu, binti wa fakiri wa Makka, aliyemshinda Dokkhin Rai, jini mla watu anayekuja kwa umbo la chuimilia. Hakumuua. Aliigawa nchi: huku pa watu, kule pa Dokkhin Rai. Atakayeingia upande wa pili aingie akiwa na shida ya kweli, mikono mitupu na moyo safi, achukue kinachomtosha, aondoke. Katika hadithi hiyo mtoto maskini, Dukhe, anauzwa kwa Dokkhin Rai na ami yake mwenye tamaa ya asali na nta, na Bonbibi anamwokoa. Kwa hiyo mwenye hatia ya kumlisha chuimilia ni tajiri aliyevuka kiwango.

Nimeitafakari sana simulizi hiyo. Dokkhin Rai ni jini, kwa hiyo uchawi umo. Lakini jini huyu ana makao yenye mpaka, na mpaka unamfunga yeye na unamfunga binadamu. Chuimilia akimla mtu, swali la kwanza ni kama mtu alikuwa mahali pasipo pake, na kwa nini alikwenda: shida au tamaa? Mila hiyo haimzuii chuimilia asiue, na serikali za huko zimejaribu mengi, pamoja na vinyago vya nyuso vinavyovaliwa kisogoni, vilivyojaribiwa miaka ya 1980 kwa kuwa chuimilia hupenda kushambulia kwa nyuma. Ila imewapa watu namna ya kuishi na mauti bila kumtafuta jirani wa kumchoma moto.

Je, Rufiji na Matumbi hatukuwa na kitu cha namna hiyo? Tulikuwa nacho, na historia yake imeandikwa. Nguvu zisizoonekana za nchi hii zilikuwa na anwani: bwawa fulani, mto fulani, pango fulani katika mawe ya chokaa ya Matumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwaka 1904, alishikwa na Hongo, pepo wa majini. Wazee waliohojiwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe miaka ya 1960 walisimulia jinsi alivyotambaa kwa tumbo hadi bwawani, akazama, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Watu kutoka kila upande walikwenda Ngarambe kuchukua maji, kwa sababu nguvu ilikuwa pale. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile hapo Muhoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa njaa na moto, vijiji vikatawanyika na pori likarudi juu ya mashamba.

Baada ya hapo mipaka ilianza kuchorwa na watu wa mbali. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza, kwa hoja ya malale, iliwahamisha watu kutoka maeneo makubwa ya Liwale na jirani zake, na Selous ikapanuka juu ya mahame yao. Mwaka 1968 Operesheni Rufiji iliwatoa watu bondeni na kuwapeleka ardhi ya juu, katika vijiji vipya. Mashamba yao yakabaki bondeni. Nyumba huku, chakula kule, na katikati kichaka. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na baadhi zilikuwa njema. Lakini ukiziangalia kwa macho ya mwenye dungu, kila mara aliyeulizwa wapi mnyama akae na wapi mtu akae alikuwa mtu asiyelala hapo.

Na sheria nayo ikampa mnyama bwana. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2009 wanyama wa porini ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kijijini inasemwa kwa kifupi: tembo wa serikali. Tembo wa serikali kala shamba langu, simba wa serikali kamla mjomba. Kanuni za 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa uhai, ambavyo havikukusudiwa kuwa fidia, ni pole tu. Nasema kwa uchungu kwamba kati ya simba wa mchawi na simba wa serikali, mwanakijiji haoni tofauti kubwa. Wote wawili wana mwenyewe, mwenyewe hayupo, na anayelipa gharama ni yeye. Ngarambe, Ngarambe ile ile ya Kinjikitile, imejaribu njia ya katikati kwa kushirikiana na Tapika kuunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori kwenye ardhi ya vijiji. Hilo ni jambo jema kwa sababu linaurudisha mpaka mikononi mwa wanaoukanyaga.

Kuna sababu nyingine ya kuwasikiliza wanaoukanyaga, na mfano wake uko milimani kwetu wenyewe. Miaka ya mwanzo ya karne hii watafiti waliokuwa Rungwe waliwasikia wawindaji wakimtaja kipunji, tumbili wa ajabu wa msitu wa juu, mwenye haya. Walisita kuamini, kwa sababu simulizi za huko huchanganya wanyama na mizimu, nao walidhani huyu ni wa upande wa mizimu. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho. Mwaka 2005 akatangazwa duniani katika jarida la Science kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, jambo ambalo kwa tumbili wa Afrika lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka themanini. Akapatikana pia Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Ndundulu hiyo hiyo, mwaka 1991, wanasayansi wageni walikuwa wakila kitoweo cha kuku wa porini pale walipoona miguu ya ndege isiyo ya kawaida ndani ya sufuria. Hivyo ndivyo elimu ya dunia ilivyompata kware wa Udzungwa. Mpishi alikuwa anajua anapokaa. Mtegaji alikuwa anajua. Wote hao walikuwa wameshajibu swali la makao zamani, na waliwajibu wageni bila kinyongo walipoulizwa.

Sasa fikiria misitu ya Namakutwa-Nyamuete na Kiwengoma, ambayo imekatwa mvule na mninga kwa miongo, ambayo haina umaarufu wa Udzungwa wala bajeti yake. Wamo ndani ya vijiji vya Nyamwage na jirani zake wazee waliotega, waliorina asali, waliokimbizwa na nyati, waliokesha dunguni tangu utoto. Wanajua sange anajenga kiota upande gani wa mti, tembo wanavuka wapi na mwezi gani, nguruwe wanalala kichaka kipi kabla ya kuingia shambani, na simba wa mwisho alipita njia ipi. Kijiji kinapopanga matumizi bora ya ardhi, ramani huwa na rangi za makazi, kilimo, malisho na hifadhi. Elimu ya wazee hao inastahili kuwemo kwenye ramani hiyo kabla ya rangi yoyote kupakwa, pamoja na mapango na mabwawa ambayo mababu waliyaheshimu, maana mara nyingi hayo ndiyo maji ambayo wanyama hutegemea kiangazi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makundi matatu. Maofisa wanyamapori wa Rufiji na Kibiti: njooni vijijini kabla ya msimu wa mavuno na si baada ya msiba, msaidie kuwapunguza nguruwe na kuimarisha madungu, hasa kwa zile siku za giza baada ya mwezi mpevu. Walimu wa shule za Nyamwage: wapeni wanafunzi kazi ya kuandika kutoka kwa babu na bibi zao majina na makao ya wanyama wa vilima vya Matumbi, kwa Kindengereko, Kimatumbi na Kiswahili, na daftari hizo zihifadhiwe. Na wewe msomaji mwenye asili ya huko, uliyeko Dar es Salaam au mbali zaidi: ukienda kusalimia wazee, kaa nao uwaulize habari hizo ungali unawakuta, na uandike watakayokueleza.